Huyu Anayesoma ni wa Kigango Gani? Jinsi Kompyuta Inavyoitengeneza Sauti ya Kusema



Miezi michache iliyopita tulimtembelea bibi mmoja, mwanajumuiya wa siku nyingi, ambaye macho yake yamefifia kiasi kwamba hawezi tena kusoma Biblia wala kitabu cha sala. Mjukuu wake amemtafutia njia. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni hufungua Masomo ya siku kwenye simu, hugusa mahali fulani kwenye kioo, na sauti ya mwanamke huanza kusoma. Bibi husikiliza amefumba macho, rozari mkononi. Siku ile tuliyokuwa naye, sauti ilisoma vizuri Somo la Kwanza na Wimbo wa Katikati. Ilipofika kwenye Injili, mahali palipoandikwa Mt 5:1-12, badala ya kumtaja Mwinjili Mathayo ikasema, "Mtakatifu tano, moja, kumi na mbili." Bibi akafumbua macho, akatuambia, "Huyu binti anasoma vizuri, lakini hapo kila siku anakosea. Ni wa kigango gani, wanangu, mkamwelekeze?"

Tulicheka pamoja naye. Lakini tukiwa njiani kurudi, tuliona kwamba hatukuwa tumempa jibu. Hakuna binti, na hakuna kigango. Basi ni nini kile alichokuwa akikisikiliza kila asubuhi?

Tunayo sababu ya pili ya kuandika makala haya. Waamini wawili, kwa nyakati tofauti, walituletea ujumbe wa sauti waliotumiwa kwa simu, unaodaiwa kutoka kwa padre wanayemfahamu, ukiomba mchango wa haraka. Walitaka tuwathibitishie kama sauti ile ni yake. Ujumbe mmoja ulikuwa wa kweli. Ule mwingine tuliusikiliza mara nne, tukashindwa kuamua, hadi padre mwenyewe alipopigiwa simu na kusema kwamba hajatuma chochote. Tangu siku hiyo tumejua kwamba masikio yetu hayatoshi tena, na kwamba ni vema waamini waelewe sauti hizi zinatengenezwaje.

Kutoka mivukuto hadi kompyuta

Mtu anaposema, hewa kutoka mapafuni hupanda na kupita kwenye zoloto, zilipo nyuzi za sauti. Nyuzi hizo hutikisika haraka sana: kwa wanaume wengi ni zaidi ya mara mia moja kwa sekunde, na kwa wanawake ni karibu mara mbili ya hapo. Mtikisiko huo peke yake ni mlio tu, usio na neno ndani yake. Ulimi, midomo, kaakaa na pua ndivyo vinavyougeuza mlio kuwa a, e, i, o, u. Na ni kwa kuizuia hewa na kuiachia ghafla ndipo tunapozipata p, t na k. Yeyote aliyetaka kuunda chombo kinachosema alipaswa kwanza kujiuliza atayaiga vipi haya yote.

Tamaa hiyo ni ya zamani. Wakristo wa Zama za Kati walisimulia hekaya kwamba Mtakatifu Alberto Mkuu alitengeneza sanamu yenye kusema, na kwamba mwanafunzi wake, Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliivunja. Hiyo ni hekaya tu, lakini inaonesha kwamba watu waliliwazia jambo hili, na kuliogopa, karne nyingi kabla ya umeme.

Mashine ya kweli ilikuja katika karne ya 18. Wolfgang von Kempelen, mtumishi wa dola la Austria, alianza kazi hiyo mwaka 1769, na mwaka 1791 akachapisha kitabu kilichoieleza. Mivukuto ilisimama mahali pa mapafu, ulimi mdogo wa chombo cha muziki ukawa nyuzi za sauti, na kinywa kilikuwa cha mpira, ambacho mwendeshaji alikifinya na kukifunika kwa kiganja ili kupata irabu mbalimbali. Mashine ile iliweza kutamka maneno na sentensi fupi. Hata hivyo wengi waliitilia shaka, kwa sababu Kempelen huyo huyo ndiye aliyekuwa ameunda mashine maarufu ya kucheza sataranji, ambayo ndani yake, kumbe, alifichwa mchezaji aliye hai! Mashine ya uongo ilishangiliwa na wafalme, na ile ya kweli ikaonwa kuwa hila. Tunaomba msomaji aikumbuke habari hii, kwa maana leo tumefikia hali iliyo kinyume chake: wakati ule watu walidhani kuna mtu ndani ya mashine inayosema, naye hakuwamo, siku hizi wengi wetu hatulifikirii hata swali lenyewe.

Mwaka 1939, katika maonesho makubwa ya dunia jijini New York, maabara ya Bell ilionesha mashine ya umeme iliyoitwa Voder, kazi ya mhandisi Homer Dudley. Ilichezwa kwa vidole kama kinanda, na kwa mguu mmoja kupandisha na kushusha sauti. Wanawake walioiendesha walijifunza kwa takribani mwaka mzima kabla ya kuisemesha mbele ya watu. Wapiga kinanda wetu wa kwaya wanaolalamikia miezi mitatu ya mazoezi wawakumbuke dada hao.

Baadaye kompyuta ikachukua nafasi ya vidole. Katika Chuo cha MIT huko Marekani, mtaalamu Dennis Klatt alitumia miaka mingi kuandika kanuni za jinsi kila kitamkwa kinavyopanda, kinavyoshuka na kinavyoungana na jirani yake. Sauti mojawapo aliitengeneza kwa kufuata sauti yake mwenyewe, nyingine kwa kufuata ya mkewe, nyingine ya binti yake. Klatt alifariki dunia mwaka 1988 kwa saratani, na kabla ya kufa alikuwa amepoteza uwezo wa kusema. Lakini sauti iliyotokana na yake iliendelea kusikika duniani kwa miaka mingine thelathini, kupitia kinywa cha mtu mwingine. Huyo ni Stephen Hawking, mwanafizikia Mwingereza aliyepooza mwili, ambaye alipoteza sauti mwaka 1985 baada ya kutobolewa koo ili aweze kupumua. Hawking hakuwa mwamini, lakini tangu mwaka 1986 alikuwa mwanachama wa Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, na sauti ile ya kompyuta ilisikika hata Vatican. Walipompa nafasi ya kubadili na kuchukua sauti mpya iliyo bora zaidi, aliikataa. Alikuwa ameshaizoea kuwa sauti yake.

Kabla ya kutamka, ni lazima kusoma

Sasa turudi kwenye simu ya bibi yetu. Kosa la "Mtakatifu tano" halikutokea kinywani mwa mashine. Lilitokea mapema zaidi. Kompyuta haiwezi kutamka alama zilizo kwenye ukurasa mpaka izigeuze kwanza kuwa maneno kamili. Kifupisho Mt katika maandishi ya Kikatoliki kina maana mbili: mbele ya jina la Yosefu ni Mtakatifu, na mbele ya tarakimu za sura na mstari ni Mathayo. Mwamini aliyezoea huona tofauti bila kufikiri. Mashine hutazama yaliyo jirani na kukisia, na kama haikufundishwa kwa maandishi ya Kanisa, hukisia vibaya. Vivyo hivyo Pd. na Sr., na vivyo hivyo Yohane Paulo II, ambaye tumewahi kumsikia akiitwa "Yohane Paulo ii," kana kwamba msomaji alikuwa ameshtuka.

Tarakimu za Kiswahili ni mtego mwingine. Sisi huandika watoto 3, vitabu 3, miti 3 na saa 3, kwa tarakimu ile ile moja. Lakini tunaposoma ni watatu, vitatu, mitatu na tatu. Mashine ni lazima ijue ngeli ya neno lililotangulia ndipo iweze kuitamka tarakimu iliyo mbele yake. Tena likiandikwa tangazo kwamba Misa itaanza 1:00, je, ni saa moja asubuhi tuliyoizoea, au ni saa saba mchana kwa hesabu ya saa za Kizungu? Hata makatibu wa parokia hugombana juu ya jambo hili.

Baada ya maneno hufuata vitamkwa. Hapa Kiswahili kina neema yake, kwa kuwa tunaandika karibu sawasawa na tunavyotamka, tofauti na Kiingereza ambacho mwanafunzi wake hukariri neno moja moja. Lakini neema hiyo ina mipaka. Neno mbuni likiwa na maana ya ndege mkubwa wa nyikani hutamkwa kwa silabi mbili. Likiwa na maana ya mti wa kahawa, ile m husimama peke yake na silabi zinakuwa tatu. Tunasema "mtu mbaya" na "nyumba mbaya", na sikio la mzawa husikia kwamba m hizo mbili si moja. Barabara ya kupita magari hubeba mkazo mahali petu pa kawaida, katika silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali barabara yenye maana ya "sawasawa" huuvuta mkazo nyuma. Na ile alama ndogo ya ng'ombe, ambayo simu huiandika kwa namna tatu nne tofauti, imekwisha kumpotosha msomaji wa mashine mara nyingi.

Kisha kuna kiimbo, nacho kwa maoni yetu ndicho kigumu kuliko vyote. "Padre amefika" ni habari. "Padre amefika?" ni swali. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule. Kiswahili hakina haja ya kugeuza chochote isipokuwa mwendo wa sauti. Mtu anayesoma Zaburi hujua mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kuacha kimya kidogo ili neno lishuke moyoni. Mashine haijui moyo ni nini. Ina koma na nukta, na mifano ya wasomaji waliotangulia.

Wataalamu wa Afrika Mashariki hawakuyaacha haya yote kwa wengine. Mwaka 2005 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walichapisha maelezo ya mfumo wa kompyuta wa kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti. Njia iliyotumika sana miaka ile, pote duniani, ilikuwa ya kumrekodi msomaji mmoja kwa saa nyingi, kuikata sauti yake vipande vidogo sana, na kuvishona upya vipande hivyo kila neno jipya lilipohitajika. Ilieleweka vizuri, lakini mishono ilisikika. Wengi wetu tunazikumbuka sauti zile za huduma za simu, ambazo kila neno lilionekana kutoka chumba tofauti.

Mashine iliyojifunza kwa kusikiliza

Mapinduzi yalikuja mwaka 2016, kampuni ya DeepMind ya London ilipotangaza mfumo ulioitwa WaveNet. Ili kuuelewa, inafaa kujua kwamba sauti ndani ya kompyuta ni safu ndefu ya namba, kila namba ikionesha mahali wimbi la sauti lilipo kwa nukta fupi mno ya wakati. WaveNet ilishughulikia namba 16,000 kwa kila sekunde moja ya sauti, na kila namba iliikisia kwa kuzitazama zilizotangulia. Hakuna aliyeiandikia kanuni za ulimi na kaakaa kama Klatt alivyofanya. Ilipewa saa nyingi za rekodi, ikaachwa ikisie, ikapimwa imekosea kiasi gani, ikarekebishwa, ikakisia tena, mara zisizohesabika. Ni kama mwanakwaya asiyejua nota, anayejifunza wimbo kwa kumfuata jirani na kukosolewa na mwalimu kila anapopotoka, ila huyu hachoki wala hakasiriki. Mifumo iliyofuata iligawa kazi: sehemu moja hubadili maandishi kuwa kitu kama picha ya sauti, inayoonesha nguvu ya kila mlio kadiri sekunde zinavyokwenda, na sehemu nyingine huigeuza picha hiyo kuwa wimbi linalosikika.

Matokeo yake ni sauti laini isiyo na mshono. Zaidi ya hayo, nyingi ya mashine hizi huvuta pumzi. Hazina mapafu, wala hewa haziihitaji. Lakini wasomaji waliorekodiwa walikuwa wakipumua kati ya sentensi na sentensi, na mashine ikajifunza mlio wa pumzi pamoja na maneno. Hii ni sababu mojawapo iliyomfanya bibi yetu asione shaka yoyote. Alimsikia mtu anapumua.

Jambo jingine litawagusa waamini kwa namna ya pekee. Lugha nyingi za dunia hazina rekodi za kutosha za kuifundishia mashine. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilipotangaza mifumo ya kutambua na kutoa sauti kwa lugha zaidi ya 1,100, chanzo chake kikuu kilikuwa rekodi za watu waliosoma Agano Jipya katika lugha zao, kwa wastani wa saa 32 hivi kwa kila lugha. Sababu ni rahisi: Agano Jipya ni kitabu kilichotafsiriwa katika lugha nyingi mno, matini yake yamepangwa kwa sura na mistari, na kwa miongo mingi watu wamekuwa wakilisoma kwenye kinasa sauti ili wasiojua kusoma wasikose kulisikia Neno. Wasomaji wale walikaa mbele ya kipaza sauti kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa vijiji vyao. Hawakujua kwamba siku moja kompyuta itajifunza kusema kwa kuwasikiliza wao. Kuna kasoro zake pia, nazo ni za kweli: wengi wa wasomaji hao ni wanaume, na mtu asomaye Waraka kwa Warumi hazungumzi kama auzaye ndizi sokoni. Mashine iliyofundishwa hivyo huongea kwa namna ya mimbari, hata ukiiomba ikusomee utabiri wa mvua.

Mwenye kutamka na mwenye kutunga

Hadi hapa tumesema juu ya mashine inayosoma maandishi yaliyoandikwa na mtu. Siku hizi lakini simu hujibu maswali, nayo huongea nawe kana kwamba mmeketi pamoja. Ni muhimu kutenganisha kazi mbili zilizofichwa ndani ya mazungumzo hayo, hata pale ambapo mfumo mmoja unazifanya zote. Kazi ya kwanza ni kutunga maneno: mfumo wa akili mnemba, uliofundishwa kwa maandishi mengi kupita kiasi, hukisia neno gani linafaa kufuata lililotangulia. Kazi ya pili ni kuyatamka.

Uzuri wa kazi ya pili hausemi lolote juu ya ukweli wa ile ya kwanza. Tuliwahi kuuliza simu, kwa ajili ya kujaribu tu, juu ya mtakatifu mmoja ambaye jina lake tulilibuni sisi wenyewe. Ilitusimulia maisha yake kwa sauti ya upole na uchaji, ikataja hata sikukuu yake. Sisi binadamu tumezoea kupima ukweli kwa namna mtu anavyosema. Anayesitasita tunamshuku, anayesema kwa utulivu tunamwamini. Mashine hutamka kosa kwa utulivu ule ule inaotamkia Baba Yetu. Katekista anayeandaa mafundisho kwa msaada wa simu hana budi kurudi kwenye Katekisimu na Maandiko yenyewe.

Sauti ya mtu ni mali yake

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Teknolojia hii ni msaada mkubwa kwa wasioona, kwa wazee, na kwa wale ambao hawakupata bahati ya kwenda shule. Wagonjwa wanaojua kwamba ugonjwa wao utawanyang'anya sauti sasa huweza kujirekodi mapema wakiwa na nguvu, ili baadaye kompyuta iseme kwa sauti inayofanana na yao, na watoto wao waendelee kuitwa majina yao na mama au baba yule yule. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya kazi hiyo.

Lakini mlango ule ule una upande wa pili. Mnamo Januari 2023 watafiti wa kampuni ya Microsoft walieleza mfumo ulioweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde tatu tu za rekodi yake. Sekunde tatu ni fupi kuliko Ishara ya Msalaba ikifanywa kwa heshima. Januari 2024, wapiga kura wa jimbo la New Hampshire nchini Marekani walipokea simu zenye sauti iliyoigwa ya Rais Joe Biden ikiwashauri wasiende kupiga kura ya awali. Mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ikatamka kwamba kuwapigia watu simu za kujiendesha zenyewe kwa sauti za namna hiyo bila ridhaa yao ni kosa kisheria. Sasa fikiri juu ya mapadre wetu, ambao homilia zao za saa nzima zimewekwa mtandaoni. Hakuna kundi la watu ambao sauti zao zinapatikana kirahisi zaidi, wala ambao sauti zao huaminiwa haraka zaidi zikiomba mchango.

Mama Kanisa amekwisha kulisemea jambo hili. Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni mwaka 2024, alitaja wazi ujumbe wa sauti unaotumia sauti ya mtu kusema maneno ambayo hakuyasema, na kuhusu picha za kughushi alikiri kwamba yeye mwenyewe amewahi kutendewa hivyo. Hati ya "Antiqua et Nova", iliyotolewa tarehe 28 Januari 2025 na Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa pamoja na Baraza la Kipapa la Utamaduni na Elimu, inafundisha kwamba akili mnemba isioneshwe kamwe kana kwamba ni mtu, na kwamba kufanya hivyo kwa nia ya ulaghai ni kosa zito la kimaadili. Naye Baba Mtakatifu Leo XIV ameichagulia Siku hiyo kwa mwaka 2026 kaulimbiu inayohusu kulinda sauti na nyuso za binadamu.

Kwa maisha ya kila siku, tunawaomba waamini wafanye yafuatayo. Ukipokea ujumbe wa sauti unaoomba fedha, hata kama ni sauti ya mwanao anayelia, kata, kisha mpigie mwenyewe kwa namba uliyoizoea, wala si kwa ile iliyokupigia. Familia na zikubaliane juu ya swali moja ambalo jibu lake halijaandikwa popote: jina la mbuzi wa kwanza wa babu linatosha. Michango ya parokia hutangazwa kanisani na kupitia viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Padre anayeihitaji kweli hatachukia ukimwuliza uso kwa uso. Na nyinyi vijana mnaofurahia kuisemesha sauti ya paroko maneno ya kuchekesha, tunajua hamna nia mbaya, lakini hiyo sauti mliichukua bila kumwomba.

Nasi wenyewe tumelazimika kuamua. Baadhi ya wasomaji walipendekeza Masomo yote ya tovuti hii yasomwe na mashine, kwa kuwa ni rahisi, haina gharama kubwa, na haiugui mafua. Tulijadiliana kwa muda mrefu, na si wote waliokubaliana. Tumeamua kwamba habari, matangazo na makala kama haya yanaweza kusomwa kwa sauti ya kompyuta, na kwamba mwanzoni itasemwa wazi kuwa ni sauti ya kompyuta. Masomo ya siku yatasomwa na watu. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano unatufundisha kwamba Maandiko Matakatifu yanaposomwa katika Kanisa, ni Kristo mwenyewe anayesema. Kusikiliza kwa simu hakuchukui nafasi ya Liturujia, tunalijua hilo. Hata hivyo tuliona vema kwamba anayempelekea mgonjwa Neno hilo awe mtu anayelisikia yeye mwenyewe wakati anapolisoma, na ambaye anaweza kuombewa kwa jina.

Wasomaji kumi na wawili kutoka vigango mbalimbali wamejitolea, na hurekodi Jumamosi jioni katika chumba kidogo nyuma ya sakristia, blanketi likiwa limetundikwa dirishani kuzuia kelele za pikipiki. Kila mmoja huanza kwa kutaja jina lake na kigango chake. Tulirudi kwa bibi yetu kumsikilizisha. Alisikiliza juma zima, kisha akamtuma mjukuu wake alete ujumbe: wote wanasoma vizuri, Mathayo sasa anaitwa Mathayo, ila yule kijana wa Jumatano anasoma haraka mno, na kwa kuwa safari hii anakijua kigango chake, amekwisha kumtumia salamu kupitia kwa katekista.